Land Rover ya 1949 iliyofufuliwa, kisa cha spana namba 13

Spana namba 13 iliingia kwenye kichwa cha bolti bila ubishi, ikakaa kabisa, na hapo ndo nikajua leo tutachelewa kuondoka. Nilikuwa nimelala chini ya Land Rover ambayo tangazo lake linasema ni ya mwaka 1949, inchi 80 kati ya ekseli, imefufuliwa kwa kufuata kiwanda, namba zote zinalingana, na jamaa yangu anayetaka kuinunua kasimama pembeni, viatu vyake tu ndo naviona, anauliza "vipi kaka, chini safi?" Chini palikuwa safi mno, na hiyo ndo ilikuwa shida yenyewe.

Nieleze hii ya spana kwanza maana bila hiyo kisa chote hakieleweki. Land Rover za miaka ile zilifungwa kwa bolti za uzi wa Kiingereza wa zamani, BSF na Whitworth, na vichwa vyake havilingani na spana za milimita. Spana 13 inakaa sawasawa kwenye bolti ya milimita 8, hiyo ni kitu ya baadaye sana. Nikafuta grisi kwa kidole nikaona kichwani pamegongwa 8.8. Hiyo alama ni ya ugumu wa bolti za milimita na 1949 haikuwepo. Bolti moja haisemi kitu, kila gari la umri huo limewahi kubadilishwa bolti moja mbili, ila hapa nilihesabu nane mfululizo zinazoshika bodi na chasi, yaani fremu ya chini, na zote ni 8.8 zinang'aa. Maana yake bodi iliwahi kunyanyuliwa yote na aliyeirudisha alifunga kwa alichokuwa nacho dukani.

Kwanini watu wanazihangaikia hizi gari mpaka jamaa yangu akose usingizi? Historia yake fupi. Maurice Wilks alikuwa bosi wa ufundi kampuni ya Rover, na kwenye shamba lake kisiwa cha Anglesey, Wales, alikuwa anatumia Jeep ya jeshi iliyobaki vitani. Jeep ikichoka spea hakuna, akaona kwanini Rover wasitengeneze ya kwao. Tarehe 30 Aprili 1948 wakaionesha kwenye maonesho ya magari Amsterdam. Chuma Uingereza kilikuwa cha mgao baada ya vita kwahiyo bodi wakaitengeneza kwa Birmabright, alumini iliyochanganywa na magnesiamu, na chasi wakaiunda kwa mabati ya chuma yaliyokatwa na kuchomelewa kuwa boksi. Injini ikatoka kwenye gari lao la P3, ujazo wa sisi (cc) 1595, nguvu za farasi kama 50 hivi. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma inchi 80, kipimo kilekile cha Jeep. Hizo za inchi 80 zilidumu hadi zilipokuja za inchi 86 kwenye modeli ya 1954.

Sasa ndani ya hizo za inchi 80 kuna za mwanzo kabisa ambazo wakusanyaji wanazitolea macho zaidi, yaani zile za kuanzia 1948 hadi mwanzoni mwa 1950. Utazijua kwa vitu viwili. Cha kwanza taa ndogo za mbele zimejificha nyuma ya wavu wa grili, ukiitazama kwa mbali ni kama mtu aliyevaa chandarua usoni, halafu 1950 taa zikawa kubwa na zikatokeza nje ya wavu. Cha pili hakionekani kwa nje, ni mfumo wa kuvuta matairi manne. Za mwanzo zilikuwa zinavuta manne muda wote, ila kwenye njia ya nguvu kwenda mbele kuna kifaa kinaitwa friwili, kazi yake ni kuyaacha matairi ya mbele yazunguke yenyewe kwa kasi zaidi pale unapokata kona ili giaboksi isijibane. Ukitaka mbele pafungwe kabisa, mfano unashuka mlima au unarudi rivasi kwenye tope, unavuta pete ndogo iliyoko miguuni. Mwaka 1950 friwili ikaondolewa, ukawa unachagua mwenyewe kuvuta mawili au manne, na hapo ndo kikaja kile kitufe cha njano wengi tunachokijua, kwenye Land Rover za baadaye nacho kipo.

Tangazo lilikuwa na picha ya mbele, wavu mpya unang'aa na taa mbili ndogo nyuma yake. Mimi mwenyewe nikiri nilipoiona moyo uliruka. Jamaa alishaanza kuongea habari za kujenga banda.

Nilipotoka chini nikaingia ndani ya gari na kitu cha kwanza kutafuta ilikuwa ile pete. Hamna. Kuna kitufe cha njano na lever nyekundu, vimepakwa rangi vizuri, vimekaa kwa heshima zao. Nikamwita jamaa nikamwonesha, akasema "si bora hivyo, inachagua?" Nikamwambia kwa kuendesha ni bora ndio, ila hii giaboksi ni ya 1950 kwenda mbele, na sura ya gari inasema kabla ya hapo. Sura ya babu, matumbo ya mjukuu.

Tukafungua boneti. Namba ya injini ipo kwenye bloku, ukiijua tarakimu za mwanzo unajua mwaka. Za modeli ya 1949 zinaanza na 866, hii ilianza na 361. Hiyo ni 1953. Na injini ya 1953 sio ile ya sisi 1595, ni ya 1997, waliyoanza kuifunga kwenye modeli ya 1952. Kabureta Solex, sawa. Dainamo ya zamani ya kuchaji betri hakuna, kuna altaneta ya kisasa, na betri imefungwa hasi kwenye bodi wakati za kiwandani zilikuwa chanya kwenye bodi. Hilo la umeme sikuitoa maksi hata moja, mtu anayeendesha gari lake usiku nani atamlaumu kwa kufunga altaneta, na unarudisha kwa siku moja ukitaka.

Hapa niseme kitu kuhusu haya maneno "namba zinalingana", yanatumika vibaya sana. Watu wanadhani namba ya chasi na ya injini lazima ziwe zilezile. Kwenye Land Rover za mwanzo sio hivyo, chasi ina yake, injini yake, giaboksi yake, ekseli zake, zinakaribiana tu kwasababu zilitoka kiwandani kipindi kimoja. Kulingana maana yake ni kulingana na kitabu cha kiwanda, yaani gari hili siku linatoka kiwandani Solihull, Uingereza, lilitoka na injini namba hii. Hivyo vitabu vipo, vinatunzwa na British Motor Museum pale Gaydon, na unalipia wanakuandikia cheti. Muuzaji hakuwa na cheti. Alikuwa na picha za kabla na baada, nzuri sana, zimepigwa jioni.

Sumaku nayo. Kwenye gari la kawaida unapitisha sumaku kwenye bodi, ikiteleza unajua kuna puti, ile ya kujazia mashimo kabla ya rangi. Kwenye hii ni kinyume, bodi ni alumini kwahiyo sumaku inatakiwa isishike, ikishika mahali ujue mtu kaweka kipande cha bati. Nilipita milango, mbawa za mbele, ubavu wa nyuma, haikushika popote pasipotakiwa, safi. Ila ule ukuta wa injini, unaotenganisha injini na miguu ya dereva, ni wa chuma na ndo unaoza kuliko kitu chochote juu ya chasi, hasa chini pale kwenye sakafu ya miguu na nguzo za milango. Pale sumaku ilishika juu vizuri, ikashuka, ikafika pembe ya chini kushoto ikadondoka kwenye kiganja changu. Puti. Nikabonyeza kwa kidole gumba, rangi ikatoa kamlio kama biskuti.

Mpaka hapo nilikuwa nishaandika kichwani "achana nayo". Halafu nikainua mfuniko wa kile kisanduku cha vifaa chini ya kiti cha abiria, mahali ambapo mafundi wa rangi hawafiki kwasababu bunduki ya rangi haizunguki humo. Ndani kulikuwa na rangi tatu. Juu kijani hiki kipya kilichomwagikia ukingoni, chini yake bluu ya mtu fulani wa miaka ya katikati, na chini kabisa kijani kingine kilichofifia, kimeng'ang'ania kwenye alumini yenye mikwaruzo ya spana na minyororo ya miaka mingi. Kona moja imepinda kwa ndani, mtu aliwahi kutupia kitu kizito humo. Nikakaa pale nikiitazama ile kona kama dakika mbili nzima. Hiyo bodi ni ya zamani kweli, hiyo haitengenezwi.

Kwahiyo swali likabadilika. Mwanzo tulikuwa tunauliza hii ni feki au orijino, sasa tukawa tunauliza ni ngapi ya hii gari imebaki, na iliyobaki iko wapi.

Chasi ndo jibu kubwa, na chasi ilikuwa mpya. Imechovywa zinki, ile rangi ya kijivu yenye maua maua. Gari za majaribio za 1948, zile 48 za kabla ya uzalishaji, ndo zilikuwa na chasi ya zinki, zilizofuata zikapakwa rangi tu. Kwahiyo ukikuta 1949 ina zinki kuna mambo mawili, ama umekutana na muujiza, ama ni chasi mpya iliyonunuliwa kwa watengenezaji wa leo. Hii ilikuwa ya pili, hata mtoto angeona. Na kibao cha namba kimepigwa ribiti kwenye ukuta wa injini, R na 866 na kuendelea, ribiti zenyewe ni zile za kuvuta zenye tundu katikati. R maana yake usukani kulia. Namba ni ya 1949 halali kabisa, ila kibao unaweza kukihamisha kwa drili na dakika tano.

Hapa ndo watu wa haya magari wanagombana mpaka wanakosana. Kuna wanaosema gari ni chasi, ukitoa chasi umeua gari, ulichobaki nacho ni spea zilizokusanyika. Kuna wanaosema chasi ya Land Rover ni kama kandambili, inaisha unabadilisha maisha yanaendelea, na ukweli wengi zilishabadilishwa maana ile chasi ya boksi inaoza kutokea ndani, maji na tope vinaingia hayatoki, sehemu ya nyuma kabisa inakuwa wa kwanza kwenda. Mimi nipo katikati ila naegemea upande mmoja. Chasi mpya sio dhambi. Dhambi ni kuweka chasi mpya, injini ya 1953, giaboksi ya baada ya 1950, halafu ukanunua wavu na taa ndogo za kutengenezwa juzi ili mbele pafanane na 1949, na ukaandika orijino. Ukiangalia pesa ya hii kazi ilikokwenda yote imefuata macho. Pale mtu anaposimama kupiga picha pamekamilika, pale anapotakiwa kulala chini ndo pana 8.8.

Tukaenda kwa muuzaji. Mzee mtaratibu, hakuwa tapeli na nilijua hilo dakika ya kwanza, kwasababu nilipomwambia "mzee, hii injini sio ya gari hili" hakukataa wala hakukasirika, alisema "najua mwanangu, niliikuta hivyo". Yeye aliinunua ikiwa inatembea, na injini hiyo na giaboksi hiyo, akabadilisha chasi kwasababu ya zamani ilikuwa imeoza nyuma, akapeleka kwa mtu wa rangi, na yule mtu wa rangi ndo aliyemwambia weka wavu wa zamani itapendeza. Tangazo aliandikiwa na kijana wake. Nikamuuliza ile chasi ya zamani ilienda wapi, nauliza tu kwa mazoea, jibu huwa ni "niliuza chuma chakavu".

Akasema ipo nyuma, amewekea mbao.

Kweli ipo. Imelala kwenye matofali, juu yake mbao za miaka na miaka, ufagio, na baiskeli isiyo na tairi. Sehemu ya nyuma imeliwa kabisa, unaweza kuingiza mkono. Katikati ina kutu ya juu lakini gonga nyundo inalia, sio ule mlio wa bati bovu. Mbele nzima. Jamaa yangu ambaye asubuhi alikuwa amevaa shati jeupe ndo alikuwa wa kwanza kupiga magoti, tukatoa mbao, nikachukua brashi ya waya nikaanza kusugua pale kwenye mkono wa chasi unaokalia injini, upande wa kushoto, ndo zinapogongwa. Rangi nyeusi ikatoka, kutu ikatoka, ikaja R, halafu 8, halafu kamwanya ka uchafu, halafu 6 mbili. Tulisoma kila tarakimu kwa sauti, mzee ameshika picha ya kibao kwenye simu analinganisha. Zote sawa.

Sasa hiyo inabadilisha nini kwenye uchambuzi? Inabadilisha sana. Kabla ya hapo tulikuwa na bodi ya zamani na kibao juu ya chasi ya leo, utambulisho unaning'inia kwenye ribiti mbili. Baada ya hapo tuna chasi iliyogongwa namba, bodi yenye rangi tatu, ukuta wa injini mbovu pembeni lakini unatibika, na mkosefu mkubwa ni injini na giaboksi. Vile vilivyobadilishwa vyote vinafunguka kwa spana, hakuna kilichokatwa. Hilo ndo naliangalia kuliko yote. Mtu aliyekata chasi ili akalishe injini ya gari lingine ameharibu, aliyefunga injini ya Rover ya miaka minne mbele kwenye nafasi yake ameazima tu.

Nikamwambia jamaa msimamo wangu, nikasema mimi ningeinunua kwa masharti mawili, chasi ya zamani iwe sehemu ya biashara na iandikwe kwenye karatasi ya mauzo pamoja na namba ya injini iliyopo, na bei ihesabiwe kama gari la 1949 lisilo na injini yake, sio kama alivyoandika yule kijana. Na tusubiri cheti cha Gaydon kabla ya kutoa hela. Jamaa hakupenda kusubiri, mtu akipenda gari ni kama aliyepewa dawa, ila alisubiri.

Cheti kikaja. Namba ya chasi ni ya kweli, imetoka 1949, usukani kulia, na injini iliyoandikwa sio iliyomo, kama tulivyojua. Mzee hakubisha kitu, alipunguza, akatupa na brashi ya waya.

Wapo walionilaumu baadaye kwamba ningemwacha jamaa afurahie, gari linatembea, chasi ya zinki haitaoza, injini ya sisi 1997 inavuta vizuri kuliko ile ndogo, unataka nini tena. Yote kweli. Ningeona tangazo limesema "Land Rover ya inchi 80, chasi mpya, injini ya 1953, nzuri ya kuendesha" ningempa mzee mkono bila kulala chini. Kazi za kufufua zinazoheshimiwa zinaeleza kila kilichobadilishwa. Angalia Land Rover wenyewe, Januari 2018 walitangaza kwamba wanaifufua moja ya gari zilizooneshwa Amsterdam 1948, ilikuwa imeishia kwenye bustani ya mtu kilomita chache tu kutoka Solihull ilikotengenezwa, baada ya kukaa miaka 20 kwenye shamba Wales injini yake inatumika tu kuendeshea mitambo mingine, gari lenyewe halitembei. Walisema wazi wanataka kuhifadhi uzee wake, mpaka rangi ya mwanzo kwenye baadhi ya vipande. Na ile yenye namba ya usajili JUE 477, ya kwanza kabisa kwenye uzalishaji, chasi R860001, ilipofufuliwa mbonyeo ziliachwa na rangi iliyochoka ikaachwa. Gari la namba moja duniani limebaki na makovu, halafu sisi tunajaza puti kwenye pembe ya ukuta wa injini.

Hali ilipofikia ni hivi. Gari linatembea kila wiki likiwa na chasi yake mpya na injini ya 1953. Wavu na taa ndogo nilishauri viondolewe hadi giaboksi ya friwili ipatikane, jamaa kakataa, anasema uso anaupenda, nimemwachia, gari ni lake. Pembe ya ukuta wa injini ilikatwa puti ikatolewa, tundu lilikuwa la kiganja, limechomelewa chuma. Bolti za BSF anazikusanya kidogo kidogo, kila akipata anabadilisha mbili na zile 8.8 anazitupia kwenye kisanduku chini ya kiti. Ile kona iliyopinda hajainyoosha. Na chasi ya zamani imekatwa sehemu ya nyuma iliyooza, imewekwa mpya kwa vipimo vilevile, haijapakwa rangi bado kwasababu tunabishana kama pale penye namba papakwe au paachwe na vanishi tu.